Maswali ya Wasomaji: Spana ya Kwanza Mkononi

Barua nyingi zilizofika safari hii zimeandikwa na watu wanaoendesha gari kila siku lakini hawajawahi kulifungulia hata nati moja. Nimechagua nane, na nimezipanga kwa namna ambayo mtu anayeanza angekutana na mambo yenyewe, kuanzia anaposimama mbele ya boneti bila kujua ashike nini.

Shikamoo, Fundi. Nimepata gari langu la kwanza, lina umri wa miaka 12, nami ningependa kujifunza kulitengeneza mwenyewe badala ya kulipeleka gereji kwa kila jambo. Breki za mbele zimeanza kulia ninapokanyaga, kwa hiyo nimeona hilo ndilo liwe somo langu la kwanza. Nianzeje?
*Dereva mpya*

Marahaba, mwanangu. Nia yako ni njema, ila kitabu umekifungua kwa ukurasa wa mwisho. Kabla hujachagua kazi ya kujifunzia, jiulize jambo moja tu: nikiikosea, kitatokea nini? Zipo kazi ambazo ukizikosea gari halitawaka, na zipo kazi ambazo ukizikosea gari halitasimama. Betri, plagi, chujio la hewa, balbu, fyuzi na waipa ziko upande wa kwanza. Ukizivuruga utachelewa uendako, utaona haya kidogo mbele ya majirani, na mambo yatakwisha hapo. Breki, usukani, shokapu na springi ziko upande wa pili, ambako kosa hujitokeza ukiwa mteremkoni, wakati hakuna tena nafasi ya kurudia somo. Anayeanza na ajifunze upande wa kwanza kwa mikono yake mwenyewe, na upande wa pili ajifunze akisimamiwa na mtu aliyeifanya kazi hiyo mara nyingi na ambaye yuko pale pale alipo, si kwenye video.

Hata hivyo mlio huo usiupuuze. Pedi nyingi za breki huwekewa kipande chembamba cha bati ambacho huanza kugusa diski pedi inapokaribia kwisha, na kazi ya kipande hicho ni kupiga kelele tu. Chukua tochi, geuza usukani upande mmoja, kisha chungulia katikati ya matundu ya rimu: utaiona diski, na ubavuni mwake utaona bati la pedi lililobeba tabaka jeusi au la kijivu. Tabaka hilo likiwa limebaki milimita 3 hivi, pedi zimefika mwisho. Lipeleke gari kwa fundi wiki hii, umwombe ruhusa ya kusimama kando na kutazama, na umsihi akuonyeshe pedi za zamani na mpya zikiwa zimewekwa sambamba. Angalia pia jambo ambalo wageni wa kazi hii husahau na ambalo limewahi kuwagharimu wengine: akimaliza kufunga, kabla gari halijasogea hata hatua moja, atakanyaga pedali ya breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kwa sababu pistoni zimesukumwa nyuma, na mkanyago wa kwanza huzama mpaka chini bila kushika chochote.

Wakati huo huo, kwa mwezi wa kwanza usifungue kitu. Tazama, pima na uandike. Soma kitabu kilichokuja na gari, maana ndani yake mna vipimo ambavyo mimi siwezi kukutajia bila kulijua gari lako. Kila wiki, gari likiwa mahali tambarare na injini ikiwa imezimwa kwa dakika chache, chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kisha kichomoe tena ndipo usome. Tazama kimo cha maji ya redieta kwenye chupa yake ya akiba bila kugusa mfuniko. Pima upepo wa matairi asubuhi kabla ya safari, kwa kuwa tairi lililopata joto hudanganya, na ulinganishe na kibandiko ambacho kwa kawaida kimo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ubavuni mwa tairi tafuta herufi DOT na tarakimu nne zinazohitimisha mfululizo wake: 2319, kwa mfano, maana yake ni kwamba tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yote haya yaandike kwenye daftari pamoja na tarehe na kilomita. Baada ya mwezi mmoja utalijua gari lako kuliko anavyolijua mtu ambaye amelifungua mara moja na hakuandika lolote.

Fundi, nimeona sanduku la vifaa lenye vipande zaidi ya 200 na nimevutiwa nalo sana. Je, nikilinunua nitakuwa nimemaliza?
*Mpenda vifaa*

Utakuwa umenunua vipande vingi ambavyo hutavishika maishani. Sehemu kubwa ya masanduku ya aina hiyo ni soketi za inchi, ilhali magari mengi tunayoyaendesha yamefungwa kwa nati za milimita. Wengine hulazimisha, kwa sababu baadhi ya vipimo hukaribiana: robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, na soketi yake hukaa juu ya nati ya 19 bila taabu. Lakini nusu inchi ni milimita 12.7, nayo haiingii kabisa kwenye nati ya 13. Anayechukua kubwa kidogo ili mradi iingie ndiye anayekuja kwangu na nati iliyoviringika kona zote.

Anza na spana za milimita 8, 10, 12, 13, 14, 17 na 19, zile zenye mdomo wazi upande mmoja na ringi upande wa pili, pamoja na soketi za vipimo hivyo hivyo na mpini wake wa kukerezea. Spana ya 10 nunua mbili, kwa sababu moja itapotea. Sijui zinakokwenda, lakini kila fundi ninayemfahamu anazitafuta. Soketi ziwe za pembe sita, si kumi na mbili, maana ya pembe sita huikamata nati kwenye mbavu zake, wakati ya pembe kumi na mbili huikamata karibu na kona, na nati yenye kutu haivumilii hilo. Ongeza bisibisi bapa na ya nyota, koleo, tochi, miwani ya kukinga macho, kipimo cha upepo na mita ndogo ya umeme.

Kifaa ambacho watu hukiona cha anasa, nami nakiona cha lazima, ni spana ya kipimo, ile inayolia tiki unapofikia nguvu uliyoiwekea. Mkono wa mgeni hukosea kwa kuzidisha mara nyingi kuliko kwa kupunguza: anaogopa nati italegea, kwa hiyo anaongeza robo duru, kisha robo nyingine, mpaka anasikia ulaini wa ghafla ambao ni nyuzi za bolti zikikatika. Nguvu hiyo ya kukazia hupimwa kwa nyutonimita: nati za magurudumu ya magari mengi madogo huhitaji 100 hadi 120, lakini plagi huhitaji takribani 20 hadi 30 tu, nayo inaingia kwenye aluminiamu, ambayo ni laini. Namba kamili itoke kwenye kitabu cha gari lako. Spana hiyo usiitumie kufungulia nati zilizokaza, na ukimaliza kazi irudishe kwenye kipimo chake cha chini ili springi yake isichoke.

Je, jeki iliyokuja na gari inatosha kuniwezesha kuingia chini?
*Mwenye haraka*

Hapana, na hili silijadili. Jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulishikilia. Ile ndogo iliyomo kwenye buti imetengenezwa kwa ajili ya kubadilisha gurudumu tu, na hata ile kubwa ya gereji hushikiliwa na mpira mdogo unaozuia oili kupita. Mpira ukichoka, gari hushuka bila kukuarifu. Ukishainua, weka stendi mbili za chuma mahali ambapo kitabu kinaelekeza, teremsha gari likae juu yake, kisha lisukume kwa mkono kutoka ubavuni. Likitikisika, ni heri litikisike ukiwa umesimama. Sakafu iwe ngumu na tambarare, magurudumu yanayobaki chini yazuiwe kwa kabari mbele na nyuma, na gurudumu ulilolitoa lilaze chini ya ubavu wa gari kama akiba ya mwisho. Matofali usiyatumie kamwe: tofali halipindi likakuonya, linapasuka mara moja.

Nyongeza moja ambayo hukuiuliza: injini usiiwashe ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa dakika chache. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na anayeivuta husinzia kabla hajatambua kuwa yumo hatarini.

Fundi, mimi ni mama wa miaka 52. Juzi gurudumu lilipata pancha, nami nilishindwa kulegeza hata nati moja. Kijana aliyenisaidia aliniambia kazi hii inataka misuli. Ni kweli nimechelewa?
*Mama wa watatu*

Mama yangu, kijana huyo alikuwa na mikono mizuri na hesabu mbaya. Tuchukue nati iliyokazwa kwa nyutonimita 110. Ile spana fupi ya magurudumu inayowekwa kwenye buti ina urefu wa sentimita 30 hivi. Ukigawa 110 kwa mita 0.3 utapata nyutoni 367 hivi, nguvu inayolingana na uzito wa kilo 37, na mtu aliyechuchumaa kuivuta kwa mikono ni shida. Spana hiyo ikiwa na mpini wa sentimita 60, nguvu inayohitajika ni nusu yake, kilo 19 hivi. Nunua mpini mrefu wenye soketi ya nati zako, uuweke ulale kuelekea kushoto kwako unapoitazama nati, kisha uukandamize chini kwa uzito wa mwili badala ya kuuvuta juu kwa mgongo. Ukiukandamiza ukiwa upande huo, nati inazunguka kinyume cha saa, na ndivyo inavyofunguka. Wala huenda tatizo halikuwa nguvu zako hata kidogo: mashine za upepo za kukazia nati, zikishikwa na mtu asiyejali, hukaza kupita kipimo kwa mbali.

Nati zilegeze robo duru gari likiwa bado limekanyaga chini, kwa sababu ukishaliinua gurudumu litazunguka pamoja na spana. Wakati wa kurudisha, zianze zote kwa vidole, kisha zikaze kwa kuruka, ya juu halafu ya upande wa pili, kama mtu anayechora nyota, ili rimu ikae sawasawa. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zipime tena.

Na kuhusu kuchelewa, safari ndefu ya kwanza ya gari la petroli iliyobaki katika kumbukumbu ilifanywa na mwanamke. Agosti 1888 Bertha Benz aliondoka Mannheim na wanawe wawili kwenda Pforzheim, mwendo wa kilomita zaidi ya 100, bila kumuaga mumewe aliyelibuni gari lenyewe. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia yake, na vipande vya mbao vya breki vilipolika alimtafuta fundi viatu avipigilie ngozi. Hakuwa na spana ya 10 hata moja.

Nimebadilisha oili mwenyewe kwa mara ya kwanza. Nilimwaga ya zamani, nikafunga chujio jipya, nikajaza, na injini ikawaka vizuri. Nilipozunguka mtaa na kurudi, nilikuta oili imetapakaa chini yote. Nimekosea wapi?
*Aliyekata tamaa*

Usikate tamaa, kosa hilo lina wazee wake, nami nimo. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilifunga chujio jipya la oili kwa uangalifu wote, nikawasha injini, na kwa sekunde chache nikasikia sauti kama ya mtu anayemwagilia bustani. Nilipoinama nilikuta oili inaruka kutoka kwenye ukingo wa chujio. Mpira wa chujio la zamani ulikuwa umebaki umegandia kwenye injini, mweusi juu ya chuma cheusi, na mimi nilikuwa nimefunga mpira juu ya mpira. Mipira miwili haiwezi kushikana chini ya shinikizo. Mmoja huteleza na kutoka nje. Tangu siku hiyo, kabla sijafunga chujio napitisha kidole changu kwenye duara lote la chuma, hata kama macho yameniambia pako safi. Nenda ukatazame hapo kwanza. Kama mpira ni mmoja, tazama bolti ya kumwagia oili: huenda washa yake ya zamani, yaani kile kipete cha kuzibia, haikubadilishwa, au bolti iliingia ikiwa imepinda ikaharibu nyuzi.

Kwa kuwa wengi wameuliza kazi hii, niieleze taratibu. Iendeshe injini dakika chache ipate uvuguvugu, si moto, ili oili iwe nyepesi na ibebe uchafu wake inapotoka. Ingia chini kwa utaratibu wa stendi niliousema, ukiwa na glavu, kwa sababu oili iliyotumika si rafiki wa ngozi. Sasa simama kidogo kabla ya kufungua bolti yoyote. Magari mengi yana bolti mbili zinazofanana, moja ya injini na nyingine ya gia-boksi, na mgeni akifungua ile ya pili humwaga oili ya gia, akajaza ya injini juu ya ile iliyokuwemo, akaondoka na gia-boksi kavu na injini iliyofurika. Hakikisha bolti unayoishika iko kwenye karai la chini ya injini yenyewe. Inapokaribia kutoka, isukumie ndani kwa vidole huku ukiizungusha, kisha iondoe kwa mara moja na kuuvuta mkono pembeni. Oili haidondoki, inaruka kwa mshazari, kwa hiyo beseni liwe mbele kidogo ya mahali unapodhani itaangukia.

Ikiisha kuchuruzika, weka washa mpya, anza bolti kwa vidole mpaka uhisi inaingia bila ubishi, ndipo uikaze kwa kipimo. Chukua tone la oili mpya upake mpira wa chujio jipya ili lisikwaruze, lifunge kwa mkono mpaka mpira uguse chuma, kisha ongeza takribani robo tatu ya duru au kiasi kilichoandikwa ubavuni mwake. Mkono unatosha, chujio lililokazwa kwa spana litakusumbua safari ijayo.

Unapojaza, usimimine chupa zote kwa sababu tu ulizinunua. Mimina pungufu ya kiasi kilichotajwa kitabuni, subiri, pima kwa kijiti, ongeza kidogo kidogo. Kwenye magari mengi nafasi kati ya alama ya chini na ya juu ya kijiti hicho ni kama lita moja, kwa hiyo waweza kukadiria kinachopungua. Ukizidisha sana, krankshafti, yaani shafti kuu inayozunguka ndani ya injini, itaichapa oili mpaka itoe povu, na povu halilainishi chuma. Washa injini, taa nyekundu ya oili izimike ndani ya sekunde chache, na kama haikuzimika, zima hapo hapo. Chungulia chini kwenye bolti na chujio wakati injini ikiunguruma. Kisha zima, subiri, pima tena.

Wengi pia wameuliza kuhusu namba za kwenye chupa. Katika 5W-30, namba iliyo kabla ya W inahusu jinsi oili inavyotiririka kukiwa na baridi, na ya pili inahusu uzito wake ikiwa na joto la nyuzi 100 za Selsiasi. Weka ile ambayo kitabu kinataja. Ushauri wa kumwaga oili nzito zaidi ili kuzuia uvujaji nimeusikia maisha yangu yote, na kila mara uvujaji ulirudi. Oili ya zamani ifungie kwenye chombo na uipeleke kwa wanaokusanya oili chafu. Ardhi na mtaro si mahali pake.

Taa ya injini imewaka, na kifaa cha kusomea nilichoazima kimeonyesha P0171. Nimeambiwa ninunue sensa ya oksijeni. Ninunue?
*Mwenye mashaka*

Funga mfuko kwanza. Msimbo huo haukutajii kifaa kilichoharibika. Unakueleza kile ambacho kompyuta ya gari imekiona, nacho ni kwamba upande wa kwanza wa injini unapata hewa nyingi kuliko petroli inayostahili. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyopeleka habari, na wengi humfukuza tarishi kwa sababu barua aliyoleta haikuwafurahisha. Mara nyingi hewa hiyo inaingia kwa mlango wa nyuma, kupitia bomba la mpira lililopasuka au kulegea baada ya chujio la hewa. Injini ikiwa inaunguruma taratibu, fungua boneti, weka mbali nguo zinazoning'inia na mikono mbali na mkanda na feni, usikilize kama kuna sauti ya mluzi. Injini ikishapoa, lipinde kila bomba kwa vidole, hasa kwenye mikunjo, kwa kuwa ufa hujificha humo. Ukikosa kitu, sensa ya kupimia hewa inaweza kuwa imechafuka, au pampu na chujio la petroli vimechoka. Sensa ya oksijeni ije mwisho wa orodha.

Soketi ya kusomea, yenye pini 16, kwa kawaida ipo chini ya dashibodi upande wa dereva. Marekani iliifanya ya lazima kwa magari ya kuanzia modeli ya 1996, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001, ndiyo maana kifaa kimoja cha bei nafuu kinaweza kusoma magari ya kampuni nyingi. Andika msimbo kabla ya kuufuta, maana ukiufuta unafuta pia kumbukumbu ya hali ilivyokuwa taa ilipowaka. Na kama taa haijatulia bali inamwekamweka, hapo usisome chochote: punguza mwendo na utafute mahali pa kusimama, kwa sababu silinda inakosa kuwaka na petroli mbichi inaunguza katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye eksozi.

Wakati wa kutoa betri, nianze na waya upi? Nimepewa majibu mawili tofauti.
*Msomaji wa siku nyingi*

Anza na hasi kutoa, na iwe ya mwisho kurudisha. Sababu yake ukiielewa hutasahau tena. Bodi nzima ya gari imeunganishwa na upande wa hasi. Ukianza na chanya, na mkia wa spana ukagusa chuma chochote cha gari, umeunganisha ncha mbili za betri kwa kipande cha chuma, na cheche itakayoruka inaweza kuiyeyusha spana na kukuunguza, mbali na kwamba betri hutoa haidrojeni inayowaka. Ukishatoa hasi kwanza, spana ikigusa popote haipati njia ya kukamilisha mzunguko. Vua pete na saa ya chuma kabla ya kuanza.

Kabla ya kuilaumu betri, ipime. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.0 imekaribia kuisha. Injini ikiwaka, mita ipande hadi kati ya 13.7 na 14.7. Isipopanda, hata ukinunua betri mpya italala tu baada ya siku chache, kwa kuwa kinachoshindwa ni altaneta, yaani mashine inayochaji betri, au mkanda wake.

Fyuzi ya redio na kiwashio cha sigara imeungua mara mbili kwa wiki moja. Ilikuwa ya rangi ya bluu. Jirani amenishauri niweke ya kijani, kwamba ni imara zaidi. Nimkubalie?
*Msikilizaji wa redio*

Usimkubalie. Katika fyuzi za kawaida za magari, bluu ni ampea 15 na kijani ni ampea 30. Waya wa redio yako umechaguliwa unene wake kwa kuamini kwamba umeme ukizidi 15 fyuzi itakatika. Ukiweka ya 30, waya utapata moto kabla fyuzi haijahisi lolote, na waya huo umepita nyuma ya dashibodi, katikati ya plastiki na sponji.

Fyuzi inayoungua mara mbili inakuambia kuwa kuna mahali umeme unavuja. Kwa mzunguko wa kiwashio napenda kuanza na tundu la kiwashio lenyewe: chomoa fyuzi, kisha limulike ndani kwa tochi. Nimewahi kutoa humo sarafu, kipande cha karatasi ya fedha ya peremende na, mara moja, hereni.